Neno Nililomsingizia Dada Hawa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa katikati ya sala. Ni siku niliyosimama mbele ya wenzangu kiwandani nikasema neno nisilokuwa na hakika nalo. Nimesikia hapo kazini kwenu vyama viwili vya wafanyakazi vinagombania wanachama, na kimoja kinakutaka uwe msemaji wake. Basi kaa kidogo, haraka zako ziweke kando.

Nilikuwa binti wa Mvumi, nimeolewa Nkuhungu, nina mimba ya kwanza. Nilikuwa naosha chupa katika kiwanda cha mvinyo ambacho siku hizi hakipo tena. Tulikuwa watu wa msimu: zabibu zikiiva tunaitwa, zikiisha tunaagwa. Dawa ya kuoshea chupa ilituchubua mikono hata kusonga ugali ikawa mateso. Mwaka ule mkataba kati ya chama chetu na mwajiri ulikuwa unaisha. Katibu wa tawi letu alikuwa dada Hawa, Mrangi wa Kondoa, mwanamke wa maneno machache. Alidai mambo mawili yaingie kwenye mkataba mpya: glovu na buti kwa kila muosha chupa, na sisi wa msimu tupewe ajira ya kudumu. Mwajiri alikuwa anavutavuta muda.

Ndipo kikaingia chama kipya. Vijana wake walivaa fulana safi na walijua kusema. Wakaniambia nina sauti, nitafaa kuongoza wanawake. Nani hapendi kusifiwa? Nikachukua fomu, nikaanza kuwashawishi wenzangu wahame. Wengi walisita kwa sababu ya Hawa, walimwamini.

Jumatatu moja nikamwona Hawa anatoka ofisini kwa meneja, peke yake, uso umemtulia. Saa ya chakula nikapanda juu ya kreti, nikapaza sauti: "Mnajua katibu wenu anakula sahani moja na meneja? Nimemwona kwa macho yangu!"

Kuona nilikuwa nimeona, mwanangu. Ila nilichokisema sicho nilichokiona.

Hawa alikuwa amekaa pale pale na chakula chake. Hakujitetea. Alisema tu, "Yunisi, mdogo wangu, si ungeniuliza?" Akafunika bakuli lake, akaondoka. Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wengine wakahama, wengine wakabaki, na wengine wakatuchoka sote wakakaa pembeni. Kumbe ili chama kijadiliane na mwajiri kilitakiwa kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi, na hakuna kilichofika. Meneja akatuita, akasema kwa upole kabisa, "Mimi niko tayari kuzungumza. Lakini nizungumze na nani? Malizaneni kwanza."

Tukamalizana kweli. Tuliacha kusalimiana, tukaacha hata kwenda kwenye misiba ya wenzetu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mkataba wa zamani ukaisha, mpya haukuandikwa. Msimu uliofuata tulipofika getini tukaambiwa kazi ya chupa amepewa wakala, naye ana watu wake. Wa chama kile na wa chama hiki, wote tukageuza.

Getini hapo nilimkuta Mzee Ndahani, fundi wa kiwanda. Nikamwamkia, akachungulia mgongoni kwangu.

"Huyo mgongoni ndiye mtoto?"

"Ndiye, baba."

"Unajua siku ile Hawa alifuata nini kwa meneja? Nilikuwa mle ndani natengeneza feni. Alikwenda kukuombea wewe utolewe kwenye dawa, ukabandike lebo mpaka ujifungue. Hukujiuliza kwa nini ulihamishwa kesho yake?"

Sikujiuliza. Nilidhani wameanza kuniogopa.

"Mdomo wa kuuliza ulikuwa nao," mzee akasema. "Ukaupa kazi nyingine."

Nilimfuata Hawa Kondoa. Alinipokea, akanipikia, akampakata mtoto. Nilipopiga magoti aliniinua. "Mimi nimekusamehe siku nyingi," akasema. "Lakini wale wenzetu, Yunisi, utawafuata wote?"

Sikuweza. Wengine hata kwao sikupajua. Mmoja nilimkuta Chamwino akigonga kokoto juani. Nilimsalimia, akaitikia vizuri tu, nami nikapita bila kumwomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, sikukatazi kuhama chama. Chama si ndoa, kikilala, kihame. Lakini shindana kwa kazi utakayoifanya, usishindane kwa kulichafua jina la mwenzako. Kabla hujasema umeona, nenda ukaulize ulichokiona ni nini. Anayekusifu kabla hajaiona kazi yako, mtazame mara mbili. Na mkishindwa kuwa chama kimoja, basi kubalianeni madai, mwende mezani mkiwa upande mmoja, kwa sababu ng'ambo ya meza yupo anayengoja mchoke.

Mungu akupe ulimi mzito wa kushtaki na mguu mwepesi wa kwenda kuuliza. Akulinde wewe na wote unaofanya nao kazi. Na ukizeeka kama mimi, akujalie usiwe na hata mtu mmoja unayeona haya kukutana naye njiani.