Leo Nimekwama Kwenye Matope ya Bwawa, Kitengela

Jamani, leo nimekwama kwenye matope hadi mapajani!

Dada yangu Akinyi, anayenirekebishia picha kwa kompyuta, aliniambia jana: "Hawa ndege wako mbali sana. Sogea karibu."

Nikasogea. Vitwitwi, vile vindege vya matopeni, walikuwa wamejaa kando ya bwawa.

Hatua ya nne, nikazama. Nikivuta mguu huu, ule unaingia zaidi. Niliogopa kweli.

Mama mmoja aliyekuwa ananywesha mbuzi akaniita: "Wewe! Wacha kupigana na matope. Lala!"

"Niko na kamera, mama!" (Aliniachia marehemu baba.)

"Achilia!"

Nikaiachilia. Nikalala, akanivuta kwa fimbo yake.

Kamera imekufa. Niko kwake nakunywa chai, nalia kidogo.

Nyinyi mngeachilia?