Kisiwa Kilicholala

Juzi katika soko la mitumba la Thika nilipita karibu na jaketi za kuvaa kwenye boti, zile za rangi ya machungwa, zimeanikwa juani. Harufu ya plastiki yake ikanisimamisha. Usinicheke, msomaji. Siwezi kunusa kitu kile bila kumwona mdogo wangu Nyambura ndani ya boti huko Naivasha, jaketi limemmeza, amebaki macho na vidole vya miguu tu.

Mama alikuwa ametutoka mwezi huo. Tuliishi chumba kimoja mtaani Kiandutu, hapo Thika, na Baba alikuwa shifti ya usiku kiwandani. Watu wa kanisa walituambia Mama amelala. Mimi nilikuwa darasa la nne, nilielewa. Nyambura, wa nasari, alilichukua neno kama lilivyo, akawa anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba.

Jumamosi moja Baba akatangaza tunaenda Naivasha kuona wanyama. Alibeba begi ambalo hakutaka tuliguse, nami nikajua ndani mna soda na keki.

Viboko walitoa masikio majini, wakapiga chafya, tukaloana. Kisiwani tulikuta twiga wanakula majani bila haraka. Nyambura akataka kujua kama walivuka kwa boti, na jaketi zao zilitoshea vipi shingoni. Baba alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi, na nilifurahi hadi nikaogopa. Chakula cha mchana kilikuwa mkate mkavu. Begi halikufunguliwa.

Tukirudi, mwenye boti akatuonyesha jinsi nchi kavu ilivyojipinda.

"Hii kisiwa ni mdomo ya volkano. Kitambo ilikuwa inatema moto."

"Ikakufa?" Nyambura akauliza.

"Zii, haijakufa. Imelala tu."

"Kwani ikilala huwa inaamkanga?"

"Eeh, inaweza amka siku moja."

Nyambura akamvuta Baba mkono. "Baba, umeskia? Hata Mama ataamka!"

Baba aligeuka akawatazama ndege wa mwari waliokuwa mbali, akawatazama muda mrefu sana.

Ufukoni alikuwa amesimama shosho wa Njoro, mama yake Mama. Kwetu watoto hurithi majina ya nyanya na babu zao. Mimi nina jina la mama yake Baba, Nyambura ana jina la huyu shosho, kwa hivyo wazee walipokaa kutugawa hawakuumia kichwa. Kila jina lilirudi kwao. Baba akafungua begi kuhakikisha vitu vyote vimo, nami nikaona sweta za Nyambura zimekunjwa vizuri.

Nyambura hakulia. Aliuliza tu, "Na Mama akiamka, atanipata aje?"

"Nitamwambia uko wapi," Baba akasema.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba haikuwa safari ya wanyama. Naivasha ilikuwa katikati tu ya kwetu na Njoro, mahali pa kukabidhiana mtoto. Hatukuishi pamoja tena. Siku hizi Nyambura hunisalimia kwa simu kama mgeni, anauliza habari za kazi, anakata.

Mwaka jana nilimpigia mimi. Nikasema, "Nyambura, Baba amelala."

Nilisikia jogoo wa Njoro wakiwika nyuma yake.

"Sema amekufa," akaniambia. "Mimi usiniambie tena mtu amelala."