Macho ya Mbwa wa Meja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya picha Bukoto, Mkuu wa Karakana hakunipa brashi. Alinipa somo la mbwa. Alisema tangu zamani wachoraji wa Ulaya walimweka mbwa miguuni pa bibi harusi kuonyesha uaminifu, na wachongaji wakamlaza miguuni pa marehemu, juu ya kaburi, ili uaminifu huo usikatike.

"Ssebo, jifunza mbwa vizuri," akamalizia, akiniita "bwana" kwa lugha ya kwao. "Mutu mukubwa napenda kusifiwa, na mbwa hapana choka kusifu."

Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na wateja wetu walikuwa wao. Meja mmoja akaagiza picha yake na mbwa wake. Nikawamba turubai, kile kitambaa kizito cha kuchorea, nikalipaka rangi ya msingi lisije likanyonya mafuta, kisha nikamchora mbwa akimkazia macho anayeitazama picha. Meja alikunja uso.

"Hii mbwa naangalia nani?"

Roho iliniruka. Siku hizo mtu aliitwa kuhojiwa, asirudi. Mkuu akadakia, "Naangalia adui, afande. Nalinda wewe."

Meja akafurahi, akaitundika ofisini. Ndipo Kanali, mkubwa wake, alipoingia humo na kusimama mbele ya picha. Mbwa akamkodolea macho. Meja, kwa fahari zake, akamweleza maana.

Kesho yake picha ilirudi na Meja akitoka jasho.

"Kanali nauliza, adui ndiyo yeye? Fundi, geuza hii macho leo. Kama mimi nakufa, wewe natangulia."

Tumfumbe macho? Mlinzi aliyelala ni kesi nyingine. Amtazame Meja? Kanali angesema Meja anajiona mfalme. Mkuu akainua macho ukutani, ilipotundikwa picha ya Mkubwa wa nchi, maana kila ofisi ilikuwa lazima iwe nayo. Akaninong'oneza niichore hiyo nyuma ya Meja, na mbwa aitazame hiyo. Nani angethubutu kumkosoa mbwa huyo? Tukasikia kwamba Kanali aliipigia saluti.

Serikali ilipoanguka, Meja alikuja kwa miguu, amevaa shati la maua, picha ameifunga kwa shuka.

"Ssebo," alisema, kwa sauti ya chini, "toa Mukubwa. Toa na mimi. Bakisha mbwa."

Sasa nimestaafu, nakaa Kisugu. Vijana wanaosomea sanaa huja kuniuliza mbwa katika picha ana maana gani. Nawaambia wakwaruze kidogo rangi pembeni yake, waone nani alifutwa.