Mama Mkwe na Maji ya Mpakani

Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, nikiwa bibi harusi mgeni Munanila, kijito kinachotutenganisha na Burundi kilikauka kwetu huku chini. Mkulima wa ng'ambo alikuwa ameziba maji huko juu kwa udongo na migomba, akayaelekeza kwenye maharagwe yake. Wanaume wetu wakaanza kunoa mapanga.

Mama mkwe wangu aliwaomba wasubiri. Akachukua jembe, akaniambia nimfuate, tukavuka.

Yule mkulima alitupokea amekunja uso. Mama mkwe akamsalimia kwa Kiha, naye akaitikia kwa Kirundi. Lugha hizo husikilizana.

"Maharagwe yako yanachanua," mama alisema. "Yakikosa maji sasa, hutavuna kitu. Lakini sisi huko chini hatuna hata ya kupikia."

"Nikibomoa, mama, wanangu watakula nini?"

"Usibomoe. Fungua alfajiri, tuteke. Tukimaliza, nitakuja kuziba mwenyewe."

Mtu yule akauliza, "Wewe ndiye utakayeniletea maji shambani?"

"Mimi."

Kesho yake maji yalishuka. Tulipojaza mitungi yetu, mama mkwe alipanda na jembe lake akaziba, na akaendelea hivyo mpaka mvua ziliporudi. Mapanga yalirudi kukata ndizi. Sijaona tena ujasiri wa namna ile. Siku moja alichelewa kurudi, nikamkimbilia kwa hofu kumuuliza kulikoni.

"Magugu yalikuwa yamemzidi," alinijibu. "Nikampalilia kidogo."