Tarumbeta Lilipolia Kambini

Jamani, jioni hii nimewapita askari wote kwenye mbio ndefu za kambini!

Duru ya mwisho nilikuwa mkiani, raia wa Mtoni peke yangu, ulimi nje.

Tarumbeta likalia. Bendera ya Malkia inashushwa.

Askari wote wakasimama wima palepale, jasho likiwachuruzika. Aliyeongoza alibakiza hatua tatu tu!

Mie sikujua desturi yao. Nikawapita mbio, nikavuka mstari.

Hakuna aliyepiga makofi. Hata watazamaji walisimama kama nguzo.

Wallahi, hapo ndipo nikang'amua: wamesimama kwa heshima ya bendera, si kwa kuchoka.

Nikarudi kimyakimya kwenda mkiani kwangu. Nilipompita aliyeongoza, akaninong'oneza bila kugeuza shingo: "Fanya haraka, ndugu yangu, tarumbeta linakaribia kunyamaza."

Semeni kweli, nyie mngerudi?