Wilhelmina Aomba Uanachama

Wilhelmina Chenge aliijaza fomu ile mara tatu, na mara zote alikwama pale pale, swali la saba: orodhesha machapisho yako ya utafiti. Alikuwa na miaka hamsini na sita, ishirini na saba kati ya hiyo ameimalizia katika chumba cha kumbukumbu cha kituo cha saratani pale Mwanza, na jina lake lilikuwa limechapishwa katika makala kumi na nne. Tatizo ni mahali lilipochapishwa. Kila mara lilikuwa mwishoni kabisa, chini ya majedwali, waandishi wanapowashukuru wafadhili, wagonjwa, na Bi. W. Chenge kwa msaada wake. Fomu haikuwa na nafasi ya watu walioshukuriwa.

Umri ule haukuwa wa kukimbilia vyeo, na kama ni cheo tu angewaachia wenyewe. Lakini kituo kilikuwa kimeunganishwa na chuo, na chuo kikaja na utaratibu wake: kuanzia Julai mosi, mafaili ya ufuatiliaji wa wagonjwa yangefunguliwa na watafiti wanachama peke yao. Wengine wote, pamoja na aliyeyaanzisha, wangebaki kupokea karatasi na kuzipanga kwenye rafu. Wagonjwa mia sita na ushee, ambao Wilhelmina aliwajua kwa vijiji vyao na majina ya watoto wao, wangebaki ndani ya kabati na yeye nje. Kwa hiyo aliomba, miguu ikiwa imevimba na viatu amevivua chini ya meza.

Ufuatiliaji ni kazi nyepesi kuieleza. Mtu ametibiwa, ameacha kuja. Tafuta ujue yuko wapi na ana hali gani. Vijana waliifanya kwa simu. Daktari Obedi, ambaye Wilhelmina alimfundisha kusoma miandiko ya madaktari wa zamani alipokuja kwa mafunzo ya vitendo, aliwapigia simu ndugu wa wanawake arobaini na mmoja waliokuwa wameacha dawa. Kalelewa Dar, ana sauti ya heshima, na kila alikopiga alijibiwa vizuri. Mama amesafiri. Mama yuko kwa mwanawe Geita. Mama hayupo kwa sasa. Obedi akaandika kote: amehama. Makala ikatoka, yeye akapata uanachama, na kituo kikasifiwa kwamba wagonjwa wake hawapotei, wanahama tu.

Wilhelmina aliisoma ile orodha akasimama kwenye jina la mwanamke mmoja wa kijiji cha mbele ya Magu. Mwanamke yule alipoonekana kituoni mara ya mwisho hakuweza hata kukaa bila kuegemezwa. Ahamie Geita kwa miguu ya nani?

Jumamosi akaenda. Alipokewa, akapewa kigoda. Akasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikiwa. Wakaongea mvua, wakaongea pamba ilivyoliwa na wadudu, ikaja michembe ya viazi na chai, na katika yote hayo mwenye nyumba, mzee Shimba, hakumtaja mkewe. Wilhelmina naye hakuuliza. Kwao hakuna anayeuliza. Saa nzima ilipopita, Shimba akainuka, akasema, "Twende nikuoneshe." Wakazunguka nyuma ya nyumba, na kaburi lilikuwa limeshaota nyasi.

"Tulipigiwa simu," Shimba alisema. "Kijana mmoja, ana adabu. Lakini msiba unamwambiaje mtu usiyemwona uso? Angetupa pole akiwa wapi?"

Wilhelmina akampa pole, akiwa amesimama palepale. Akalia kidogo, maana mwanamke yule alikuwa na utani wa kumwita mke mwenza.

Baada ya Jumamosi hiyo zikaja nyingine nyingi, karibu mwaka mzima. Padri akaanza kumuuliza kama bado ni mwanajumuiya, maana na jumuiya yao ilisali Jumamosi. Aliwamaliza wote arobaini na mmoja. Thelathini na sita walikuwa wamefariki. Watatu walikuwa wamehama kweli. Wawili walikuwa hai, wamechoka tu kuja. Aliandika kurasa kumi na moja kwa Kiswahili chake cha ofisini: hawa hawakuacha dawa kwa sababu walihama, waliacha kwa sababu hawakuweza tena kuinuka. Hizo kurasa ndizo alizoambatisha kwenye swali la saba.

Kabla ya kuipeleka fomu alimpelekea Obedi, kwa sababu haifai kumvua mtu nguo mbele za watu. Obedi alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, hii ikifika kwenye kamati, makala yangu imekwisha."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeanza na wewe."

"Mbona hukuniambia wakati napiga zile simu?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilidhani unajua."

Hilo lilimuuma Wilhelmina kuliko alivyoonesha. Alikuwa amemsikia kijana akipiga simu wiki mbili mfululizo, ukuta mmoja tu katikati yao, na yeye amechoka, anapanga makaratasi, anajisemea kwamba wasomi wana njia zao. Obedi akachukua kalamu, akatia saini kwenye nafasi ya mdhamini. Mkono haukuwa na furaha, lakini alitia.

Kamati ilikuwa ya watu watano, mwenyekiti Profesa Rebeka, mama mpole. Mmoja aliuliza alithibitisha vipi hivyo vifo.

"Nilioneshwa makaburi," alisema Wilhelmina.

Aliyeuliza akaliandika jibu. Ikaonekana kama mambo yataenda vizuri. Kisha mwingine akafunua fomu, akaomba kuona cheti cha shahada ya uzamili. Hakuwa nacho. Alikuwa na stashahada ya kumbukumbu za afya, ya zamani. Profesa Rebeka akaanza kumshukuru kwa maneno mazuri, mengi, na kadiri yalivyokuwa mazuri ndivyo Wilhelmina alivyojua.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Kamati imeguswa sana. Utafiti ule urudiwe kwa kufuata taratibu, chini ya uongozi wa Dkt. Obedi. Mchango wa Bi. Chenge utambuliwe katika sehemu ya shukrani. Maombi ya uanachama hayakukidhi vigezo. Wilhelmina alihesabu: hiyo itakuwa ya kumi na tano. Alicheka peke yake, kisha akaona uchungu, uchungu wa kweli, akakaa nao mpaka saa ya kufunga ofisi. Tarehe thelathini Juni alikabidhi funguo za kabati la mafaili.

Jumanne moja ya Julai alimkuta Amondi kwenye benchi la nje. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliobaki hai, mwanikaji dagaa wa Igogo, amekonda, kanga kaifunga kwa nguvu kiunoni.

"Ulikuja kwangu mara tatu, dada," Amondi alisema. "Nikaona aibu. Lakini siingii kwa hao kama hupo."

Wilhelmina akampeleka dirishani. Nestory wa mapokezi, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu wote wana nywele nyeusi, akatazama chini.

"Mama, unajua sheria mpya. Anayeingia na mgonjwa ni mtafiti mwanachama, au ndugu."

"Basi andika ndugu."

"Wewe Msukuma, huyu Mjaluo. Niandike ndugu wa nani?"

"Andika dada. Nani atakuja kuuliza?"

Nestory akaandika. Ndani walimkuta Daktari Obedi. Aliinuka, akasema shikamoo, na Wilhelmina akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti kilicho ukutani, mkoba mapajani. Faili lilikuwa mezani, lile lenye mwandiko wake kwenye jalada. Hakulinyooshea mkono.

Obedi alimuuliza Amondi maumivu yalirudi lini. Amondi akamgeukia Wilhelmina.

"Wiki ya Pasaka," Wilhelmina alisema. "Ubavu wa kushoto, akiinama kugeuza dagaa. Usiku hayampati."

Obedi akafunua faili atafute, ukurasa baada ya ukurasa. Hakukuta kitu. Akachukua kalamu, akasema, "Rudia taratibu, mama," naye akaanza kuandika.