Swichi kwenye Ukuta wa Mzee Mwishehe

Mwajabu alikuwa hodari wa kuwasema mafundi wenzake, ila mbele ya wazee mdomo ulimwisha nguvu. Kampuni yao ilipima kina cha mito upande wa Mbagala, na yeye ndiye aliyefunga mitambo. Kazi hiyo aliitaka mwenyewe. Mama yake, Bi Salma, alikaa bondeni na hakutaka kusikia habari ya kuhama, hata baada ya mafuriko kumbebea makochi. Mwajabu aliapa kwamba safari nyingine mama atapata habari kabla ya maji.

Kituo cha juu ya bonde alikitundika kwenye ukuta wa Mzee Mwishehe. Akategesha tahadhari: swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachopeleka vipimo ofisini, ikipotea hewani, simu yake ipokee meseji. Mvua ikiwa inanyesha na mto hauonekani tena ofisini, hakuna kuulizana, anapiga simu bondeni watu watoke.

Ijumaa ya kwanza meseji iliingia jua likiwaka. Akarukia bodaboda, akamkuta mzee amechomoa swichi, amechomeka pasi, ananyoosha kanzu ya kuendea msikitini. Mwajabu akatoa shikamoo. Mzee akaitikia, akaeleza kwamba soketi ya ndani iliungua zamani, na yeye haendi kusimama mbele ya Mola na makunyanzi.

"Nikimaliza narudishaga mwenyewe, mwanangu. Kwani mto unakimbia?"

Fundi mwenye akili angeleta soketi ya pili. Mwajabu aliona hiyo ni sawa na kumwambia mzee nyumba yake mbovu. Kufuli nalo, kwenye ukuta wa mtu mzima, ni tusi. Basi akaiwekea adabu mitambo: kila Ijumaa, saa ya pasi, isitume meseji. Akajiona mjanja sana.

Masika yakaingia. Ijumaa moja mvua ilipiga tangu alfajiri, umeme ukakatika mtaa mzima wa Mzee Mwishehe, saa ileile ya pasi. Ofisini Kinyerezi, Mwajabu alikuwa anakula wali maharage. Kituo kiligeuka chekundu kwenye kompyuta, simu ikawa kimya kama alivyoiamuru. Akacheka, akawaambia wenzake mzee ameshaanza kunyoosha, akaongeza pilipili.

Baadaye simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwajabu," alisema Bi Salma, taratibu kabisa, "nimekaa juu ya meza. Ule mto unaoulinda uko jikoni kwangu. Nimeona nikutaarifu."